Pikipiki ya shilingi milioni 13: pesa zote hizo zinaenda wapi?

Kila picha ya pikipiki ya mbio yenye bei ya nyumba inapozunguka kwenye simu za watu hapa Mombasa, mabishano huwa yale yale. Mmoja anasema huo ni wizi wa mchana, maana chuma ni chuma na magurudumu ni mawili tu. Mwingine anamjibu kwamba hizo zimetoka moja kwa moja kwenye mashindano, na aliye nayo amekalia akiba isiyooza. Kwenye baraza za Mji wa Kale na vijiwe vya boda pale Kongowea nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa moto. Kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Hili ni jambo la hesabu, na hesabu zake zinaeleweka na mtu yeyote. Nitatumia bei za kiwandani kwa dola, nikizigeuza kwa shilingi 129 kwa dola moja ili tuone ukubwa wake kwa pesa zetu. Kodi ya hapa nyumbani nitaigusia baadaye, na pikipiki yenyewe ya milioni 13, Ducati Superleggera V4, tutaifikia mbele kidogo.

Tuanze na majina, kwa sababu ugomvi mwingi unatokana na kuyachanganya. Superbaiki ya kawaida ni pikipiki ya mbio inayoruhusiwa barabarani, injini yake ikiwa ya cc 1000 hivi. Yamaha R1, Honda Fireblade, BMW S 1000 RR na Ducati Panigale V4 zote zimo humo. Ukienda na pesa unauziwa, na zikiisha dukani kiwanda kinatengeneza nyingine. Toleo la idadi maalumu ni kitu kingine: kiwanda kinatangaza mapema kwamba zitatoka pikipiki kadhaa tu, kila moja na nambari yake iliyochorwa karibu na usukani, na ya mwisho ikishauzwa basi, hakuna tena.

Lakini hata hayo matoleo maalumu hayafanani. Kuna toleo la rangi, ambalo injini, fremu na breki ni zile zile za pikipiki ya kawaida, ila limepakwa rangi za bingwa fulani na kushonewa kiti cha aina yake. Hapo anayelalamika kwamba anatozwa pesa za rangi hana makosa, na sitapoteza muda zaidi juu yake. Kuna pikipiki zinazozaliwa na kanuni za mashindano. Na kuna zile ambazo kiwanda kinazitengeneza ili kuonyesha mwisho wa uwezo wake, bila kujali gharama. Mbili hizi za mwisho ndizo zenye mambo.

Kanuni inayozaa pikipiki

Ubingwa wa dunia wa Superbike, tofauti na MotoGP ambayo mashine zake hubuniwa kwa ajili ya mbio tu, unaendeshwa kwa pikipiki zinazotokana na zile zinazouzwa kwa umma. Kiwanda hakiwezi kubuni mashine ya siri, kuishindisha, kisha kuificha. Lazima kitengeneze idadi fulani na kuiweka sokoni, idadi ambayo katika kanuni za miaka ya karibuni imekuwa 500, tena kwa bei isiyozidi kikomo kilichowekwa. Ducati ilipotoa Panigale V4 R ya mwaka 2019, kikomo hicho kilikuwa yuro 40,000, na kule Marekani pikipiki hiyo ikauzwa dola 39,995, yaani zaidi ya shilingi milioni tano.

Sasa tazama jambo linalowachanganya wengi. V4 R ina injini ya cc 998. Ndugu yake V4 S, ambayo ni ya bei ya chini, ina injini ya cc 1103. Mtu analipa zaidi na kupewa injini ndogo! Sababu ni kwamba kanuni haziruhusu injini ya silinda nne kupita cc 1000. Kwa hivyo wahandisi walipunguza ujazo, kisha wakaitafuta nguvu kwa njia nyingine: kuifanya injini izunguke kwa kasi kubwa zaidi. V4 R inatoa nguvu ya farasi 221 ikiwa kwenye mizunguko 15,250 kwa dakika. Pistoni ikipanda na kushuka kwa kasi hiyo, konrodi nzito za chuma, yaani mikono inayoiunganisha na shafti ya injini, huelemewa mno, ndiyo maana konrodi zake ni za titani, madini mepesi, magumu kuchongwa na ya bei ghali. Kisha kanuni hazikupi uhuru wa kubadilisha utakacho ndani ya injini unapokwenda mashindanoni. Ukitaka timu yako ikimbie na konrodi za titani, njia ya uhakika ni kuziweka katika pikipiki unayomuuzia raia.

Na zilifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka huo wa 2019 Álvaro Bautista alishinda mbio 11 za kwanza za msimu akiwa na V4 R. Ubingwa aliukosa mwaka huo, akauchukua 2022 na 2023. BMW nao waliitoa M 1000 RR kwa sababu hiyo hiyo, na Toprak Razgatlıoğlu akaichukulia ubingwa mwaka 2024.

Kwa hivyo mtu anaponunua pikipiki ya namna hii, sehemu ya pesa zake inalipia vitu ambavyo havikuwekwa kwa ajili yake. Viliwekwa ili timu ipate ruhusa ya kuvitumia. Huo si ulaghai, kwani kila kipande ni halisi. Lakini fikiria injini hiyo iko katika foleni ya daraja la Nyali jioni. V4 S inavuta kwa nguvu ya Nm 124 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), tena ikiwa kwenye mizunguko 10,000. V4 R inavuta kwa Nm 112, na lazima uisukume hadi mizunguko 11,500 ndipo uzipate. Barabarani, pikipiki ya bei nafuu inaondoka vizuri zaidi. Watu wa pwani wanalifahamu jambo hili kwa mashua za mashindano kule Lamu: chombo kinavuliwa kila kisichohitajika, kinapewa tanga kubwa na mabaharia wanaoning'inia upande mmoja kuzuia kisipinduke, na kikishinda hakuna anayeuliza kinabeba magunia mangapi.

Yamaha walilionyesha hili wazi zaidi mwaka 1999 na R7 ya wakati ule, iliyotengenezwa 500. Ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 106 hivi, kiasi ambacho hakikumtisha yeyote. Nguvu yake halisi ilikuja baada ya kununua vifaa vya mbio na kuvifunga. Uliponunua R7 ulikuwa umenunua msingi, nyumba unajijengea mwenyewe.

Kilo moja kwa laki sita

Tuje sasa kwa pikipiki yenyewe ya milioni 13. Mwaka 2020 Ducati walitangaza Superleggera V4, jina ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni nyepesi kupita kiasi. Zilitengenezwa 500 na bei ikawa dola 100,000, ambazo kwa hesabu yetu ni shilingi milioni 12.9 kabla ya meli na kabla ya kodi. Ilikuwa pikipiki ya kwanza iliyoruhusiwa barabarani ambayo fremu, fremu ya nyuma, mkono unaoshika gurudumu la nyuma na rimu zote ni za nyuzi za kaboni. Bila mafuta na maji ina kilo 159, na nguvu ya farasi 224.

Panigale V4 S ya wakati huo ilikuwa na kilo 174 na farasi 214, na iliuzwa chini ya dola 30,000. Ukizilinganisha, mnunuzi wa Superleggera ameongeza dola 70,000 hivi apate farasi kumi zaidi na kilo 15 pungufu. Tukiiweka tofauti yote kwenye uzito peke yake, kila kilo iliyoondolewa imelipiwa karibu shilingi laki sita.

Hapo ndipo watu wanaposhika vichwa. Lakini jiulize kwa nini kaboni ni ghali namna hiyo. Chuma na alumini humiminwa au kukandamizwa na mashine, vipande vinatoka kimoja baada ya kingine. Nyuzi za kaboni huja kama kitambaa. Mtu anazikata na kuzipanga kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, akiangalia kila tabaka nyuzi zake zinaelekea wapi, kwa sababu kaboni ina nguvu upande nyuzi zinakolala na ni dhaifu upande mwingine. Kisha kipande kinaokwa katika tanuri lenye shinikizo. Kikitoka, ufa uliojificha ndani hauonekani kwa macho, na fremu yenye ufa ikiwa kwenye kilomita 280 kwa saa ni kifo. Ducati walizipima fremu na rimu hizo moja moja kwa joto, kwa mawimbi ya sauti na kwa tomografia, kipimo kile ambacho hospitalini tunakiita CT skani. Hakuna anayeipeleka Boxer CT skani, na haina haja.

Juu ya hapo kuna gharama za kubuni. Chukua mfano wa kubuni tu: tuseme michoro, kalibu na majaribio vimekula dola milioni 10. Kwa pikipiki 20,000, kila moja inabeba dola 500 za gharama hizo. Kwa pikipiki 500, kila moja inabeba dola 20,000. Vifaa vile vile, wahandisi wale wale, na bei imeruka kabla hujanunua hata skrubu. Hii ndiyo sehemu ya bei ambayo watu huisahau, wakadhani kila kitu kisichoonekana ni faida ya mwenye kiwanda.

Kuna nyingine pia ambayo ni starehe tupu. MV Agusta walipotoa F4 CC mwaka 2006, pikipiki 100 kwa yuro 100,000 kila moja, mnunuzi alipewa pamoja nayo saa ya Girard-Perregaux na jaketi ya ngozi. Saa haikuifanya ikate kona vizuri zaidi. Mtu anayependa vitu vizuri ana haki ya kununua saa, mradi ajue kwamba hizo ni pesa za saa.

Bei na kasi si kitu kimoja

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukilipa mara tatu unakwenda mara tatu. Mfano unaoivunja vizuri zaidi ni Honda RC213V-S ya mwaka 2015. Hiyo ndiyo pikipiki ya barabarani iliyokaribia mno kuwa pikipiki ya MotoGP, iliyoundwa kwa kuifuata mashine ya Marc Márquez, bingwa wa mashindano hayo. Bei yake Marekani ilikuwa dola 184,000, zaidi ya shilingi milioni 23. Nguvu yake huko Marekani, baada ya kuibana ipite sheria za moshi na kelele, ilikuwa farasi 101. Fireblade ya kawaida, ya kampuni hiyo hiyo, iliizidi mbali. Barani Ulaya iliruhusiwa farasi 157 hivi, na vifaa vya kuifungulia nguvu yake kamili, zaidi ya farasi 210, viliuzwa kando kwa matumizi ya kiwanja cha mbio tu.

Angalia pia BMW. S 1000 RR ya kawaida iliuzwa karibu dola 17,000 pale M 1000 RR ilipotoka kwa karibu dola 33,000. Katika toleo la Ulaya tofauti ilikuwa farasi 207 dhidi ya 212, na kilo 197 dhidi ya 192. Farasi watano na kilo tano, kwa bei inayokaribia maradufu. Bingwa wa dunia anaihisi tofauti hiyo, kwa sababu mbio zake huamuliwa na sehemu ndogo ya sekunde katika kila mzunguko. Mimi na wewe tukitoka Bamburi kwenda Kilifi tukale samaki, kifungua kinywa tulichokula asubuhi ndicho kitakachobadilisha uzito wa safari.

Halafu kuna mabawa. Siku hizi pikipiki hizi zina mabawa madogo ubavuni, na vijana wameanza kuyafunga hata kwenye pikipiki za cc 150. Kazi ya bawa ni kuikandamiza pikipiki chini ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Ducati wanasema mabawa ya Superleggera yanakandamiza kwa kilo 50 ikiwa kwenye kilomita 270 kwa saa, na hilo ni jambo kubwa sana. Lakini nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi: ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu inashuka hadi robo. Kwenye kilomita 110 kwa saa, mabawa yale yale yanakandamiza kwa kilo nane hivi. Kwenye kilomita 50, ambazo ndizo sheria yetu inakuruhusu ndani ya mji, hazifiki kilo mbili. Kwenye boda ni pambo, na hata Superleggera ikipita Moi Avenue chini ya zile pembe, mabawa yake ni pambo pia.

Mombasa hatuna kiwanja cha lami cha mbio za pikipiki. Hili nalisema kwa uchungu, maana vijana wenye kipaji tunao na wanaishia kupimana usiku kwenye barabara zenye matrela, mahali ambapo kosa moja halina marudio. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwanja, mahali pasipo na kiwanja, haina pa kuonyesha kile ulichoilipia.

Chumvi haisomi nambari ya toleo

Kuna gharama ambayo wauzaji wa Milano na Tokyo hawaiandiki, na ambayo sisi tunaijua kwenye mabati, madirisha na friji zetu. Hewa ya bahari. Niliwahi kuangalia kwa karibu rimu ya alumini ya superbaiki iliyolala gereji Nyali muda mrefu bila kuendeshwa. Pale rangi ilipokwaruzwa na chuma cha kubadilishia tairi, palikuwa na unga mweupe kama wa muhogo, na ulipoupangusa chini yake palikuwa pameshimbika. Bolti za breki zilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Pikipiki yenyewe ilikuwa inang'aa kwa mbali.

Sasa matoleo maalumu yana madini yasiyopatana kabisa na chumvi. Magnesi, inayotumiwa kwenye vifuniko vya injini kwa sababu ni nyepesi kuliko alumini, huliwa haraka kuliko alumini rangi yake ikichubuka. Na kaboni, ambayo yenyewe haishiki kutu, ina tabia moja isiyojulikana na wengi: ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, viwili hivyo vinakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Viwanda vinalijua hilo na kuweka vizuizi kati yao. Kizuizi kikichubuka wakati fundi anafungua na kufunga, mchezo unaanza taratibu pale usipoona.

Na huyo fundi ni nani? Mafundi wetu ni hodari. Nimemuona fundi wa Mwembe Tayari akisikiliza injini ya TVS na kutaja valvu yenye kasoro kabla hajashika spana. Lakini injini ya namna hii inasomwa kwa kompyuta ya kiwanda, bolti zake zinakazwa kwa kipimo maalumu, na kipuri kinaagizwa ng'ambo, kikifika Kilindini au uwanja wa ndege kinasubiri kodi kama kilivyosubiri chombo chenyewe. Kwa baadhi ya matoleo hata umri wa injini umewekewa kikomo. BMW HP4 Race ya mwaka 2017, zilizotengenezwa 750 na fremu ya kaboni, injini yake ilipangiwa kilomita 5,000 kisha inabadilishwa. Hiyo ni ya kiwanja tu na haisajiliki barabarani, lakini kama ingesajilika, umri huo ni safari tano za Mombasa na Nairobi, kwenda na kurudi.

"Haishuki bei"

Hoja inayowashinda wengi ni hii ya uwekezaji. Zimetengenezwa chache, kwa hivyo lazima zipande. Wakati mwingine ni kweli. Honda RC30, iliyotoka mwishoni mwa 1987 na ambayo Fred Merkel aliichukulia ubingwa wa Superbike mwaka 1988 na 1989, leo inatafutwa na wakusanyaji na inauzwa makumi ya maelfu ya dola. Iliingia Marekani kwa dola 14,998.

Lakini dola 15,000 za mwaka 1990 si dola 15,000 za leo. Ukiongeza kupanda kwa gharama za maisha huko Marekani, ni sawa na kama dola 36,000 za sasa. Kwa hivyo aliyeiuza RC30 yake kwa dola 36,000 amerudishiwa pesa zake, basi. Toa bima, gereji, utunzaji na miaka zaidi ya thelathini ya kutoigusa, uone kinachobaki. Na hiyo ndiyo moja ya zile zilizofanya vizuri. Ducati Desmosedici RR ya 2007 na 2008, iliyotengenezwa 1,500 kwa dola 72,500, ilikaa miaka mingi ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko ilivyonunuliwa.

Kinachopandisha bei si uchache peke yake. Ni uchache, pamoja na historia ya ushindi, pamoja na pikipiki ambayo haijatembea. Sharti hilo la tatu ndilo linaloniuma. Kila kilomita unayoifurahia inakula akiba yako, na kila siku unayoilinda akiba inakunyima pikipiki. Aliyeinunua kwa ajili ya faida hawezi kuipanda, na aliyeinunua kwa ajili ya kuipanda asitarajie faida. Tena soko la wakusanyaji liko Ulaya, Marekani na Japani. Pikipiki iliyoko Tudor, hata ikiwa safi namna gani, mnunuzi wake atakata nauli ya meli na wasiwasi wa chumvi kutoka kwenye bei atakayokupa.

Na ile kodi niliyoiahidi. Kenya inatoza ushuru wa forodha juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha ushuru wa bidhaa, ada ya tamko la uagizaji na ada ya reli, na VAT ya asilimia 16 ambayo inahesabiwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ushuru. Pesa hizo huzipati tena unapouza nje. Kwa hivyo mnunuzi wa hapa anaanza nyuma ya mnunuzi wa Milano kwa mamilioni, kabla hata hajaiwasha. Iliyotumika nayo imewekewa kikomo cha umri, kwa hivyo ndoto ya kuingiza RC30 kwa njia ya kawaida iondoe.

Upande wa pili wa hesabu

Nisiwadhulumu wanaozipenda, maana nami nazipenda. Watu hawa wanaolipa kupita kiasi wanatulipia majaribio. Vifaa vingi vinavyomlinda mwendeshaji wa leo, kama vile breki zinazojirekebisha pikipiki ikiwa imelala kwenye kona na kompyuta inayozuia gurudumu la nyuma lisiteleze, vilianza kwenye mashindano na pikipiki za bei ya juu, kisha vikateremka hadi kwenye zile ambazo mtu wa mshahara anaweza kuzifikiria. Kuna pia uzuri wa kazi yenyewe. Shika bolti ya titani mkononi, uhisi ilivyo nyepesi kuliko macho yanavyotarajia, na utaelewa kwa nini mhandisi mzima anaweza kulala akiifikiria. Dunia isiyotengeneza vitu kama hivyo ingekuwa na upungufu.

Kwa timu inayokimbia, bei ya pikipiki ya kanuni inajitetea, kwani kuijenga mwenyewe kutoka pikipiki ya kawaida kungegharimu zaidi, na sheria zingekukatalia. Kwa mkusanyaji mwenye chumba kikavu na subira, inaweza kujitetea. Kwa mtu wa Mombasa anayetaka kupanda pikipiki, kwa maoni yangu haijitetei kabisa. Achukue S 1000 RR au R1 ya kawaida. Atapata karibu kila kitu mwili wake unachoweza kukihisi, na pesa zinazobaki zinatosha suti ya ngozi yenye mfuko wa hewa, kofia nzuri, tairi za kubadilisha bila kuhesabu senti, na safari ya kwenda kufundishwa kwenye kiwanja cha kweli nje ya nchi. Mwendeshaji aliyefundishwa akiwa juu ya pikipiki ya milioni mbili na ushei atamuacha mbali tajiri asiyefundishwa juu ya ile ya milioni 13, na ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani kwa wanawe.

Aliyekwisha kuamua kununua, na hasikii la muadhini, basi aangalie mambo machache kabla ya kutuma pesa. Nambari iliyo kwenye usukani ilingane na hati ya kiwanda na nambari ya fremu. Aulize kama pikipiki inasajilika: Kawasaki H2R, ile ya farasi 310, haina taa wala vioo na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hawana namna ya kuipa nambari. Aombe picha za upande wa chini, si za ubavu tu. Na aulize kuhusu kreti ya vifaa vya mbio. Superleggera ilikuja na eksozi ya titani na vifaa vinavyoifikisha farasi 234 na kuishusha hadi kilo 152.2, na wauzaji wengine huviweka kando waviuze peke yake. Pikipiki isiyo na kreti yake mnunuzi anayefuata ataikata bei, na kreti nyingine ya pikipiki iliyotengenezwa 500 tu huwezi kuipata kwa kupiga simu dukani.